UZI: Chungu cha moto cha Sichuan (huoguo) kwa msafiri: namna ya kuagiza, kuchovya na kumaliza bila kuumia

Karafuu77 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila maonyesho ya biashara ya Guangzhou, China, yanapokaribia, Aprili na Oktoba, maswali ya chakula cha mkoa wa Sichuan yanarudi, na majibu ni yale yale: kunywa maji mengi, mwambie mpishi asitie pilipili. Yote mawili hayasaidii. Naomba huu uwe uzi wa kina, anayejua zaidi aongeze.

Kwa asiyeijua: huoguo ni chungu cha supu kinachochemka mezani, mnapika humo vipande vyenu wenyewe na kuvichovya kibakulini kabla ya kula. Tuanze na ukali wenyewe. Mtu aliyezoea pilipili mbuzi haogopeshwi na erjingtiao, ile pilipili ndefu nyembamba ya Sichuan. Ukali wake ni wa kadiri na pilipili mbuzi inaiacha mbali sana. Kinachomwangusha mgeni ni mafuta na ganzi. Kwetu pilipili hukaa pembeni, kwenye kachumbari au kibakuli cha achari, kila mtu anajitilia kwa kipimo chake. Kule pilipili imekaangwa ndani ya shahamu ya ng'ombe mpaka shahamu yenyewe imekuwa nyekundu, na kila kinachotoka chunguni kimevaa yale mafuta. Mafuta yanashika ulimi na kubaki hapo. Kwa hiyo kujua kula huoguo ni kujua kuyapunguza mafuta kabla hayajafika mdomoni.

Ganzi inatoka kwenye huajiao. Zile punje si pilipili wala pilipili manga, ni maganda ya tunda dogo la mti wa ukoo mmoja na michungwa na milimau. Zina kemikali inayoitwa sanshuli, inayoamsha mishipa ya fahamu inayohisi mtetemo. Mwaka 2013 watafiti wa London waliupima, wakakuta midomo inahisi kama inatetemeshwa mara 50 kwa sekunde. Wachina wana maneno mawili tofauti: *ma* ni ganzi, *la* ni ukali wa pilipili. Likiandikwa mala, vyote viwili vimo.

Sasa mezani. Usiagize chungu chekundu kitupu. Agiza chungu kilichogawanywa katikati, 鸳鸯锅 (yuanyang guo), upande mmoja mwekundu, wa pili supu nyeupe. Ukiulizwa kiwango sema 微辣 (weila), ndicho cha chini. Lakini weila ya Chongqing si weila ya Beijing. Chongqing na Chengdu, miji iliyo nyumbani kwa chakula hiki, weila bado ni chungu chekundu chenye pilipili kavu zinazoelea, na mhudumu akikwambia si kali, anamaanisha si kali kwa mwenyeji. Kama unaanza, ule upande mwekundu uwe wa kuonja, upande mweupe ndio uwe wa kushibia.

Kibakuli cha kuchovya ndicho kinachowachanganya wengi. Utaletewa kikopo kidogo cha bati chenye mafuta ya ufuta, wengine wanadhani ni ya kukaangia. Fungua, mimina chote kibakulini, tia vijiko viwili vya kitunguu saumu kilichopondwa, kotimiri, chumvi kidogo, na siki nyeusi kijiko kimoja ukipenda. Hii si kachumbari ya kuongeza ladha. Kazi yake ni kuosha. Kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki majini, kinayeyuka kwenye mafuta. Ukichovya pande la nyama humo, mafuta mekundu yanabaki kibakulini, na nyama inapoa kidogo. Kibakuli kikishabadilika rangi kuwa chekundu, kimemaliza kazi. Fungua kikopo kingine.

---

TambiNaNyama

Uzi mzuri, mkuu. Naongeza muda wa kupika, maana watu wanatupa kila kitu chunguni kwa mkupuo kisha wanakula mpira.

Utumbo wa ng'ombe wenye kurasa kama kitabu, 毛肚 (maodu), ndio mfalme wa meza Chongqing. Usiuachie vijiti. Ushike, uzamishe, uuinue, uuzamishe tena. Wenyewe wana msemo wa "saba juu, nane chini", jumla kama sekunde 15. Tazama kingo: zikianza kujikunja na vile vipele vya juu vikisimama, toa hapo hapo. Ukizidisha nusu dakika unatafuna kandambili.

Utumbo wa bata, 鸭肠 (yachang), ni sekunde 10 hadi 15 kwa mtindo ule ule, ukijikunja umeiva. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, sekunde 20 hadi 30, rangi nyekundu ikiisha basi. Vidonge vya nyama au kamba vikielea juu, vipe dakika mbili zaidi. Viazi mviringo na mizizi ya yungiyungi, dakika 5 hadi 8 kulingana na unene. Kuku na samaki msiwe na haraka, ipasuliwe muone ndani imekuwa nyeupe yote.

Mpangilio una maana pia. Nyama na matumbo kwanza, viazi na tambi mwisho, kwa sababu wanga unaifanya supu iwe nzito na kila kinachofuata kinabeba mafuta mengi zaidi. Na mboga za majani, tafadhali, zipikwe upande mweupe tu. Jani la spinachi au la saladi likipita kwenye chungu chekundu linanyonya mafuta kama sifongo, na punje za huajiao zinajificha kwenye mikunjo. Mtu anaogopa utumbo, anakimbilia mboga, kumbe mboga ndiyo kali kuliko vyote mezani. Vivyo hivyo tofu iliyogandishwa na ile ngozi ya tofu iliyokaangwa, zina vitundu.

---

Mwana_Kilindini

Ahsanteni. Mimi nauliza kuhusu chungu chenye vyumba tisa, kama dirisha la nondo. Ni kwa ajili ya watu tofauti?

---

TambiNaNyama

Hapana, ndugu. Kile ni 九宫格 (jiugongge) cha Chongqing. Supu ni moja, inapita chini ya kuta zote. Tofauti ni moto. Chumba cha kati kiko juu ya moto, kinachemka kwa nguvu, hapo ndipo pa utumbo wa haraka. Vyumba vinne vinavyopakana nacho vinachemka wastani, vya nyama na vidonge. Pembe nne zinatokota taratibu, za vitu vya kukaa muda mrefu kama damu ya bata iliyogandishwa na ubongo. Faida kubwa ni kwamba chakula hakipotei. Ila kuna hasara: hakina upande mweupe. Kwa mgeni, chagua kilichogawanywa mara mbili. Migahawa mingine inacho chenye duara dogo jeupe katikati na wekundu kuzunguka, lakini duara hilo linarukiwa na mafuta, baada ya nusu saa nalo limekuwa jekundu.

---

Bi_Mrashi

Assalam alaykum. Mmetaja shahamu na damu, hamjagusa halali. Naomba niliseme kwa upana, kwa sababu wanaosafiri kutoka pwani wengi ni Waislamu na wanadhani kuepuka "pork" kunatosha.

Neno 肉 (rou) peke yake kwenye menyu ya Kichina maana yake nyama ya nguruwe. Nyama ya ng'ombe itaandikwa 牛肉 (niurou), kondoo 羊肉 (yangrou), kuku 鸡 (ji). Mapo doufu, ile tofu nyekundu, asili yake ni kupikwa na nyama ya ng'ombe iliyosagwa, lakini migahawa mingi nje ya Chengdu hutia nguruwe. Tambi za dandan huwa na kima cha nguruwe. Yuxiang rousi hutafsiriwa "ladha ya samaki" na haina samaki hata kidogo, ni nguruwe. Mboga zenyewe zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Supu nyeupe ya huoguo mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe, kwa hiyo upande "salama" kwa pilipili si salama kwa dini. Omba supu ya uyoga au ya nyanya, na hata hiyo uliza imeanzishwa na supu gani.

Na jambo lisilosemwa: chungu chekundu cha shahamu ya ng'ombe kwa kawaida hukaangwa kwa pombe kali ya nafaka na *laozao*, wali uliochachushwa wenye kileo. Kwa hiyo hata kama nyama yote ni ya ng'ombe, mchinjaji hujui na pombe imo.

Tafuta herufi 清真 (qingzhen), yaani halali. Zikariri umbo lake au zipige picha, msitegemee maandishi ya Kiarabu, kwa sababu katika miji mingi yameondolewa kwenye mabango. Migahawa ya tambi za Lanzhou ya Wahui, Waislamu wa Kichina, iko karibu kila mji, na tambi za supu ya ng'ombe huko ndizo kimbilio rahisi. Chengdu, karibu na Msikiti wa Huangcheng katikati ya mji, wapo Wahui wanaopika vyakula vya Sichuan kwa halali. Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, na Yiwu kwenye masoko, hamtapata shida.

---

Karafuu77

Bi Mrashi, shukran sana. Kuhusu shahamu niongeze kitu kwa wote. Zamani baadhi ya migahawa ilikuwa inachuja mafuta ya chungu na kuyatumia kwa mteja mwingine. Kisheria hairuhusiwi, na sasa migahawa inayojiheshimu hutangaza 一次性锅底, yaani msingi wa chungu (shahamu na viungo vyake) wa kutumika mara moja. Shahamu huletwa ikiwa donge gumu na kuyeyuka mbele yako. Ukiona chungu kinafika mezani kikiwa kimeshayeyuka na mafuta yana rangi nyeusi-nyeusi, una haki ya kuuliza.

---

Kijiko_Cha_Ukwaju

Mnakunywa nini? Maana maji mnakataza.

---

Mkunazi_Dar

Maji baridi yanatuliza kwa sekunde chache kwa sababu ya ubaridi, kisha yanausambaza ule mwasho mdomo mzima. Soda ni mbaya zaidi, gesi yake nayo inachoma kwenye ulimi ambao tayari umewaka. Bia ile ile, kileo chake ni kidogo mno kuyeyusha chochote.

Kinachofanya kazi ni maziwa ya ng'ombe au mtindi wa kunywa, 酸奶 (suannai). Protini ya maziwa iitwayo kasini inaushika ule mwasho na kuuondoa kwenye ulimi. Usimeze mara moja, sukutua kwanza. Migahawa ya Sichuan huuza zaidi maziwa ya soya ya chupa. Hayana kasini, ila yana mafuta kidogo na sukari, yanasaidia kiasi. Suanmeitang, sharubati nyeusi ya matunda makavu ya mei (aina ya plamu), ni chachu na tamu, inakata ladha ya shahamu vizuri sana. Wapenzi wa ukwaju wataielewa papo hapo.

Pia kuna bingfen: vitu kama jeli ya barafu vinamiminiwa sukari guru iliyoyeyushwa, zabibu kavu na karanga. Agiza mwanzoni, usingoje hadi unalia. Wali mweupe, 白米饭 (bai mifan), nao unafuta mafuta ulimini. Kwa ganzi ya huajiao hakuna dawa, ni subira. Itaondoka yenyewe baada ya robo saa hivi.

---

Safina_Mombasa

Samahani, midomo ikifa ganzi mtu atajuaje kama ni huajiao au ni mzio? Nasafiri na mtoto mwenye mzio wa karanga.

---

Mkunazi_Dar

Swali muhimu sana, dada. Ganzi ya huajiao ni mtetemo wa midomo na ncha ya ulimi, mate yanajaa, na maji ukiyaonja yana chumvi-chumvi. Haivimbishi. Ukiona midomo au macho yanavimba, mabaka yanayowasha mwilini, sauti inakwaruza, anatapika au anapumua kwa shida, huo ni mzio. Kama ana sindano ya adrenalini, ipigwe hapo hapo, kisha piga 120, namba ya gari la wagonjwa China.

Kwa mzio wa karanga, kusema ukweli, jiko la Sichuan ni gumu. Gongbao jiding ni kuku na karanga. Karanga zilizosagwa zinanyunyizwa kwenye tambi, kwenye nyama za baridi, kwenye bingfen. Meza ya viungo ya kujihudumia ina kijiko kimoja kinachozunguka bakuli zote. Mafuta ya ufuta yako kila mahali pia. Beba karatasi: 我的孩子对花生严重过敏，吃了有生命危险. Maana yake, mwanangu ana mzio mkali wa karanga, akila maisha yake yako hatarini. Ionyeshe kabla ya kukaa, si baada ya kuagiza. Wakisita, nenda kwingine. Hata mgahawa wa Kikantoni (chakula cha Guangzhou) wenye samaki wa mvuke na wali mara nyingi hutumia mafuta ya karanga, kwa hiyo karatasi uionyeshe hapo pia.

---

Mzigo_Kontena

Vipi kwa anayekula peke yake? Chungu kizima ni hasara. Na malipo je?

---

Karafuu77

Peke yako kula *maocai* (冒菜). Ni huoguo ya mtu mmoja: wanakupikia jikoni, wanakuletea bakuli na wali. Au *malatang* (麻辣烫), unachukua beseni na koleo, unachagua mwenyewe kwenye jokofu, inapimwa kwa uzito, unasema kiwango cha ukali. Angalizo: bei ya ukutani inaweza kuwa ya *jin*, ambayo ni gramu 500, si kilo. Na vitu vyenye maji kama tofu na uyoga vina uzito mkubwa.

Kwenye huoguo, Chengdu na Chongqing, mtu mmoja hutumia kama yuan 80 hadi 130 bila pombe. Msingi wa chungu unalipiwa, kibakuli cha kuchovya kinalipiwa kwa kichwa, na wakati mwingine tishu na chai pia. Hiyo si wizi, ni utaratibu. Bahashishi hakuna. Sehemu nyingi huuza nusu sahani, sema 半份 (banfen). Kwa watu wawili chukua nusu sahani sita au saba, muongeze baadaye.

Menyu mara nyingi ni msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Pakua programu ya malipo, Alipay au WeChat, na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado nyumbani, kwa sababu benki itakutumia namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya kwetu. Alipay haitozi ada kwa kadi ya kigeni malipo yakiwa chini ya yuan 200, yakizidi hutoza asilimia 3. Beba pia noti kidogo.

---

Mwana_Kilindini

Mkuu, na yale majina ya kudanganya? Niliyoyasikia ni "samaki wa kuchemsha kwa maji".

---

TambiNaNyama

Shuizhu yu (水煮鱼), ndiyo. Jina linasema samaki wa kuchemsha kwa maji. Kinacholetwa ni beseni la samaki aliyefunikwa pilipili kavu na huajiao, kisha juu wamemimina mafuta yanayofoka. Samaki mwenyewe yuko chini, laini na mtamu. Omba kijiko chenye matundu, pakua pilipili zote za juu weka pembeni, halafu nyanyua pande moja moja na uligongeshe kwenye ukingo lichuruzike. Ile supu hainywewi.

Laziji (辣子鸡) ni kilima cha pilipili kavu na vipande vidogo vya kuku vimejificha ndani. Pilipili haziliwi, unawinda kuku kwa vijiti.

Vya kumpumzisha mtu: 番茄炒蛋 mayai na nyanya, 清炒 likifuatwa na jina la mboga ni mboga ya kukaangwa tu bila pilipili.

Na musichanganye mikoa. Hunan hawatumii sana huajiao, ni pilipili mbichi na za kuchachusha, mwasho unakuja moja kwa moja bila ganzi ya kuuficha. Wengi wanauona mkali kuliko Sichuan. Guizhou ni uchachu na pilipili pamoja, samaki wao wa supu chachu atampendeza mtu wa pwani. Guangzhou chakula cha wenyeji hakina ukali kabisa, ukiona bango la 川菜 ni Sichuan, 湘菜 ni Hunan.

---

Safina_Mombasa

Na asubuhi yake?

---

Mkunazi_Dar

Ule mwasho hausagwi wote tumboni, na utumbo una vipokezi vile vile vilivyo mdomoni. Kwa hiyo tumbo kukata na choo laini kinachochoma siku inayofuata, mara moja au mbili, ni kawaida. Kula kitu kabla, hata mkate au ndizi, usiende na njaa ya mchana kutwa. Usipange safari ya basi la saa nne kesho yake asubuhi. Tembea na tishu, vyoo vingi vya umma havina karatasi. Beba pakiti za ORS.

Isiyo kawaida ni homa, damu, kutapika kusikokoma, au kuhara zaidi ya siku mbili. Hiyo si pilipili, ni chakula kibichi. Chanzo kikubwa ni vijiti: vile vilivyogusa nyama mbichi ndivyo vinaingia mdomoni. Omba jozi ya pili, moja iwe ya kuweka chunguni tu.

Mwenye vidonda vya tumbo, bawasiri inayotoka damu au kiungulia kikali, ale upande mweupe tu. Na nawa mikono kwa sabuni *kabla* ya kwenda chooni, pia kabla ya kugusa lenzi za macho.

---

Mzigo_Kontena

Swali la mwisho kwangu. Nataka kuja na yale madonge ya msingi wa huoguo nyumbani.

---

Karafuu77

Soma pakiti. 牛油 (niuyou) ni ya shahamu ya ng'ombe, 清油 (qingyou) ni ya mafuta ya mimea. Kama unaunganisha ndege na kutoka uwanja wa Ulaya, Uingereza au Marekani, ya shahamu inaweza kunyang'anywa, kwa kuwa bidhaa za nyama kutoka China haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Chukua ya qingyou, na uangalie kwanza masharti ya forodha ya nchi yako. Iweke kwenye begi kubwa, ndani ya mifuko miwili, maana joto la Dar likiyayeyusha, ile rangi nyekundu haitoki nguoni.

Kupika: donge la gramu 500 lina chumvi nyingi, usiliweke lote kwa familia ambayo haijazoea. Kata robo, liyeyushe kwa moto mdogo pamoja na tangawizi na vitunguu vya majani dakika tatu, kisha mimina lita moja na nusu ya supu ya mifupa isiyotiwa chumvi. Onja baada ya dakika kumi. Inapopungua ongeza supu, usiongeze donge, kwa sababu kadiri inavyokauka ndivyo chumvi na pilipili vinavyozidi.